Jinsi ya Kulinganisha Final Fantasy Uzipendazo Bila Kuvunja Baraza: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa wale waliokwisha kujaribu wakashindwa. Mmekaa barazani baada ya isha, mkaulizana ipi bora kati ya gemu za video za Final Fantasy, zinazotajwa kwa namba, mkapiga kura, VII ikashinda kwa kuwa ndiyo wengi waliyoiona kwa kaka zao, na mwenye VI yake akanyanyuka akaenda zake na kikombe cha kahawa cha watu. Wiki ya pili mkarudia, yakawa yale yale.

Nimeyaona hayo Langoni, nimeyaona Mkomani, mitaa yetu ya Lamu, na nimeyafanya mimi mwenyewe. Mara nyingi watu hawalinganishi gemu. Wanaweka upande mmoja gemu waliyoimaliza likizo nzima wakiwa na miaka kumi na minne, na upande wa pili gemu waliyoigusa saa mbili usiku mmoja wametoka kazini wamechoka. Mizani hiyo haiwezi kusimama sawa hata uishike vipi.

Nitaandika namba za Kirumi kama zilivyo kwenye majalada. Zisome "ya sita", "ya saba", kama tunavyozitaja. Historia ya kampuni tuiache, haitusaidii hapa.

## Vitu vya kuandaa

Gemu tatu. Mbili zinageuka timu mbili za mpira, na tano hamtazimaliza.

Mashine moja kwa zote tatu, ikiwezekana. PS4 (PlayStation 4) inatosha: ina I hadi VI kwa toleo la Pixel Remaster, lile lililochorwa upya, ina VII, VIII, IX, X, XII na XV. Mwenye simu tu asijione mnyonge, I hadi IX zote zinapatikana simuni.

Daftari la mistari na kalamu mbili. Usiandike kwenye simu ile ile unayochezea. Utafunga gemu uandike, utaona ujumbe, na jioni imekwisha.

Saa inayoonyesha sekunde.

Stima ya akiba. Hili nalisema kwa uchungu. Nilikuwa kwenye X, umbo la tatu la Yunalesca, adui mkubwa wa humo, baada ya sinema ndefu ambazo huwezi kuziruka, na stima ikaenda. Ilirudi alfajiri, mimi nikarudi nyuma kabisa kwenye duara la kusevu, pale gemu ilipohifadhi nilipofika. Kama hamna betri ya akiba au sola, chezeni kwenye simu au mashine ya mkononi yenye chaji.

Mtu mmoja asiyeipenda gemu yako. Huyu ndiye kifaa muhimu kuliko vyote na ndiye watu husahau kumwalika. Mkikaa watatu mnaoipenda IX, mtakunywa kahawa vizuri lakini hamtalinganisha kitu.

Kahawa chungu na kashata. Hili halihitaji maelezo.

## Hatua ya 1: Taja gemu kwa jina lake kamili

Andika juu ya ukurasa: namba, mashine, na mwaka wa toleo unalocheza. Si "ile ya pili". Si "ile ya zamani yenye theluji".

Sababu ni kwamba namba zenyewe zina mtego. Marekani, kwenye Super Nintendo, IV iliuzwa ikiitwa II, na VI ikaitwa III. Barazani kwetu watu wazima wawili walibishana nusu saa nzima juu ya "ya tatu". Mmoja alikuwa akizungumzia ile ya 1990 ya Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, yenye kubadilisha kazi za wahusika, na mwenziwe alikuwa akimzungumzia Kefka, adui mkuu wa VI. Tulipogundua, hakuna aliyetaka kucheka kwanza.

VII nayo ni gemu zaidi ya moja. Ile ya 1997 ni hadithi nzima ndani ya diski tatu. Remake ya 2020 ni sehemu ya mji wa Midgar peke yake, na Rebirth ya 2024 inaendelea kutoka hapo, na namna ya kupigana ni nyingine kabisa. Anayesema "saba" aulizwe: ipi?

Tahadhari: matoleo mapya yana vitufe vya kurahisisha. Kwenye VII, VIII na IX za leo unaweza kuharakisha mwendo. XII ya 2017 inakwenda mara mbili au mara nne. Pixel Remaster za konsoli zinakuruhusu kuzima maadui wa njiani kabisa. Kubalianeni sasa hivi: vyote vizimwe, kwa gemu zote, mpaka mlinganisho uishe.

Utajua umefaulu mtu akisoma ukurasa wako na kuweza kuitafuta gemu ile ile uliyoicheza, asikosee.

## Hatua ya 2: Kiri upendeleo wako kwa maandishi

Jibu mambo manne, mstari mmoja kila moja: ulikuwa na miaka mingapi ulipoicheza, uliichezea wapi, ulikuwa na nani, na uliimaliza au hukuimaliza.

Wangu huu hapa. X, miaka kumi na mitano, chumba cha juu kwa ami, pamoja na bin ami yangu aliyekuwa akinisomea Kiingereza kwa kuwa mimi nilikuwa mzito. Nikaimaliza. Ukishaandika hivyo unaona mwenyewe: nusu ya mapenzi yangu kwa X ni mapenzi ya chumba kile, upepo wa kaskazi dirishani na sauti ya bin ami akiigiza Wakka, mmoja wa wahusika wa humo.

Huombwi uyafute mapenzi hayo. Unaombwa uyaweke mezani, ili mtu akisema Tidus, shujaa wa X, anakera usidhani amemtukana bin ami yako.

## Hatua ya 3: Chagua tatu zinazoweza kukutana

Hapa ndipo wengi huharibu kabla hata ya kuwasha mashine. Huweki boriti na mkeka kwenye mzani mmoja.

XI na XIV ziacheni. Hizo zinachezwa mtandaoni na maelfu ya watu, hazina mwisho kama hizi nyingine, na kuzilinganisha na VI ni kazi nyingine inayotaka mwongozo wake.

Zilizobaki zipange kwa namna ya kupigana. I hadi III unatoa amri zote, kisha zamu inakwenda. IV ilileta mstari unaojaa, ambapo adui hakungoji ufikiri, na mtindo huo ukaendelea mpaka IX. X ikarudisha utulivu: hakuna atakayekupiga wakati unafikiri. XII unawaandikia wenzako kanuni, nao wanajipigania. XV na XVI ni mkono na jicho, unabonya na kuruka.

Kwa wanaoanza napendekeza VI, IX na X. Zina wahusika wengi, hadithi zenye kichwa na miguu, na kila moja ina mtu anayeitetea kwa machozi. Mkishazoea, jaribuni V, VIII na XII, ambazo zote zinahusu kuchezea mitambo ya ndani. Watu wa hesabu hupenda hizo.

Tahadhari: usichague gemu ya tatu kwa ajili ya kuichapa tu. Najua mnavyomchukua II mkaja naye kama mbuzi wa kafara. II ya 1988 haina leveli, zile ngazi za kupanda nguvu. Kinachokua ni kile unachokitumia, na uhai wako huongezeka kwa kupigwa. Watu wakagundua kwamba njia ya mkato ni kuwapiga wenzako mwenyewe mpaka wakakamae. Ni kichekesho, lakini ni wazo, na mwenye kuipenda anayo haki ya kusikilizwa.

## Hatua ya 4: Saa ya kwanza

Anzeni kila gemu upya. Saa moja kamili, kisha sevu, zima, andika. Jioni moja, gemu moja. Usicheze mbili usiku mmoja, kwa sababu ya pili italipa deni la uchovu wa ya kwanza.

Kwa nini mwanzo, wakati wote mnazijua? Kwa sababu mwanzo ndipo gemu inapokwambia itakutendea vipi, na mtu aliyeimaliza amekwisha kusahau.

Tazama tofauti. VI inakupa watu watatu ndani ya mitambo ya vita wakitembea kwenye theluji kuelekea Narshe, taratibu, na muziki juu yao. Huambiwi karibu kitu. Msichana mmoja hana hata kumbukumbu ya nafsi yake. VII inakushusha kwenye treni na ndani ya dakika chache umekwisha kutega bomu, na saa inahesabu dakika kumi urudi nje. X inakukalisha kwenye moto kati ya magofu, kijana anakuomba usikilize hadithi yake, kisha inakutupa mjini kwake usiku wa mechi.

Na IX? IX inakwambia cheza. Unakuwa Vivi, mtoto mwenye kofia ndefu na tiketi ya mchezo wa kuigiza, anaanguka, tiketi inamponyoka, mwuza tiketi anamwambia tiketi yako ni ya bandia. Unaweza kuruka kamba na wasichana wa mtaani kama una subira. Halafu unakuwa Zidane jukwaani, unapigana kwa panga za maigizo, na gemu inahesabu ni wangapi kati ya wakuu mia wamefurahi. Hakuna aliyekufa bado. Nilipoanza IX mara ya kwanza niliidharau kwa ajili hiyo. Nilipoianza tena kwa ajili ya daftari hili, nikiwa na watoto nyumbani, nilikaa kwenye uwanja ule wa Alexandria dakika ishirini nikizungumza na watu tu.

Andika vitu vitatu: nilichokifanya kwa mkono wangu, nilichoonyeshwa tu, na swali moja nililobaki nalo. Mkipata muda onjeni na nyingine nje ya tatu zenu. XV mapema tu inakufanya usukume gari lililoharibika. Sisi wa mji wa punda tulicheka mpaka jirani akafungua dirisha.

Utajua umefaulu ukiwa na angalau jambo moja baya kuhusu gemu unayoipenda. Ukurasa ukiwa wote sifa, rudia.

## Hatua ya 5: Mapambano kumi ya kawaida

Mabosi, wale maadui wakubwa, waacheni. Bosi ni harusi. Kila mtu hupendeza harusini. Gemu hizi unaishi nazo kwenye mapambano madogo ya njiani, mamia kwa mamia, na hapo ndipo ilipo tabia yake.

Sogea mpaka saa ya tano au ya sita ya kila gemu, mahali ambapo una wahusika watatu au zaidi. Pigana mara kumi. Kwa kila pambano, anza kuhesabu skrini inapopasuka, simama unaporudi njiani. Andika sekunde. Pembeni andika herufi moja: F kama ulifikiri, B kama ulibonya tu.

Mpenzi wa IX atakereka hapa, na namwonea huruma. IX inachukua muda kuingia vitani, kamera inazunguka, na amri zinapanga foleni mpaka uliyemwambia atibu anatibu wakati mgonjwa amekwisha kuanguka. Ukiwa umeizoea huuoni uchelewaji huo. Saa inauona.

X inafanya jambo lingine, na kwangu mimi ni mojawapo ya vitu vilivyotengenezwa vizuri kuliko vyote katika mfululizo huu. Kwenye njia ya Besaid, mwanzoni kabisa, anakuja ndege: unamwita Wakka, mpira wake unamfikia. Anakuja mbwa mwepesi: Tidus. Linakuja bonge la ute lisiloumizwa na upanga: Lulu na uchawi wake. Baadaye wanakuja wenye magamba, nao ni wa Auron. Upande wa kulia umeandikiwa nani atafuata, na unabadilisha watu katikati ya vita bila kupoteza zamu. Kila pambano dogo ni fumbo dogo la bao: nani nimtoe, nani nimweke. Katika kumi zangu, F zilikuwa saba.

Kwa VI, F zilikuwa tatu. Inauma, lakini ndivyo daftari lilivyosema.

Tahadhari: mapambano kumi yawe sehemu moja, mfululizo. Ukichagua yale mazuri tu umejidanganya, na asiyeipenda gemu yako (si uko naye hapo?) atakuona.

## Hatua ya 6: Fungua uone wahusika wanavyokua

Hatua hii ni ndefu. Leteni birika la pili.

Swali la kuuliza ni moja: *nikiharibu, gemu inanifundisha au inaniadhibu?* Lakini huwezi kulijibu kwa maneno. Lazima ujaribu kuharibu. Chukua sevu ya pembeni, kisha fanya uchaguzi wa kijinga kwa makusudi, saa moja nzima.

Mfano wa V. Kuna kazi zaidi ya ishirini, na kila mtu anaweza kubadilisha kazi wakati wowote nje ya vita. Ujuzi uliojifunza katika kazi moja unaweza kuubeba kwenda nyingine. Nilimfanya kila mtu kazi isiyomfaa. Nikapigwa, nikabadilisha, na nilichojifunza wakati wa ujinga kilibaki mkononi. Hiyo ni gemu inayosamehe.

VIII ni kinyume, na ndiyo inayoleta ugomvi kila mwaka. Uchawi humo si wa kununua. Unamchota adui, mpaka mia moja wa kila aina, kisha unaufunga kwenye nguvu, uhai au kasi yako. Mtu anayecheza kama alivyozoea hukaa mbele ya adui mmoja akichota, akichota, dakika kumi, analala. Anatoka hapo anasema VIII ni mbaya. Tena anapanda leveli kwa bidii, na maadui nao wanapanda pamoja naye, anashangaa mbona jasho halilipi.

Lakini mwenye kuijua VIII anacheza karata. Anawageuza majini wa njiani kuwa karata kwa ujuzi wa Quezacotl, kiumbe wa msaada, anazibadilisha karata kuwa vitu, vitu kuwa uchawi, na kabla diski ya kwanza haijafika mbali ana nguvu za mwisho wa gemu. Kwa hiyo VIII haielezeki kwa mtu mmoja. Katika daftari mpe kurasa mbili: ya asiyejua na ya anayejua. Mkiona mnabishana kuhusu VIII bila kuelewana, kila mmoja anasoma ukurasa wake.

VI: wahusika kumi na wanne, na mwanzoni kila mmoja ana lake. Sabin unamwingizia mapigo kwa vidole, Cyan unamngoja ahesabu, Gau anaigiza wanyama. Uzuri mtupu. Kisha zinakuja magicite, mawe yanayomfundisha karibu kila mmoja uchawi wowote, na ukifika mwishoni karibu wote wanarusha moto ule ule. Nimemwuliza mtetezi mkubwa wa VI tulienaye kuhusu hili. Alinyamaza, akamimina kahawa, akasema, "Huo ni ukweli, lakini usiuseme kwa sauti."

IX haina tatizo hilo: Vivi ni wa uchawi mweusi mpaka mwisho, Steiner ni wa upanga mpaka mwisho. Ujuzi unatoka kwenye silaha na nguo. Unavaa kofia mpaka umejifunza iliyomo, ndipo unaivua. Ndiyo maana mara nyingi utabeba upanga dhaifu ukiwa na upanga mzuri mkobani. Wengine hilo linawakera. Mimi naliona kama fundi anayemweka mwanafunzi kwa zana mbovu mpaka mkono ushike.

Kwenye XII jaribu hivi: mwandikie mwenzako kanuni moja tu, *rafiki mwenye uhai chini ya nusu, mtibu*, kisha weka pedi ya kuchezea chini. Tazama. Kisha geuza mpangilio, weka kushambulia juu na kutibu chini. Mtakufa, na mtakuwa mmeelewa gemu nzima kwa dakika tano.

VII wanaoijua wanajua: materia (jiwe la uchawi) ya kutibu ukiiunganisha na ile ya "All", unatibu wote kwa mara moja. Waliotoboa hilo mapema na waliochelewa wanakumbuka gemu mbili tofauti.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu asiyecheza, kwa sentensi mbili, mhusika anakuaje katika kila gemu kati ya tatu zenu, na akaelewa.

## Hatua ya 7: Sikiliza bila kutazama

Chagueni nyimbo tatu kutoka kila gemu: ya vita, ya mji, na ya huzuni. Mtu mmoja azipige bila kutaja, wengine wafumbe macho. Andikeni neno moja tu kwa kila wimbo.

Jueni kwamba I hadi IX kazi kubwa ya muziki ni ya Nobuo Uematsu, kwenye X alikuwa na wenzake wawili, na XII ni ya Hitoshi Sakimoto. Wengi wetu hulinganisha miji na wahusika kumbe masikio yetu yamekwisha kuchagua zamani.

Mama yangu alikuwa akichambua mchele tulipopiga ile ya piano inayofungua X. Hajui Yuna ni nani, hajui magofu yale. Akasimamisha mkono juu ya ungo, akauliza, "Huyu amefiwa na nani?" Neno lake tuliliandika daftarini, na ndilo pekee ambalo hakuna aliyelibishia.

Tahadhari: matoleo mapya yana muziki uliopigwa upya. X ya PS4 inakupa uchaguzi kati ya wa zamani na wa sasa. Tumieni aina moja kwa zote.

## Hatua ya 8: Nyamaza wiki moja

Usicheze, usisome daftari, usibishane. Siku ya saba chukua karatasi tupu, andika kila unachokikumbuka kutoka kila gemu. Linganisha na daftari.

Kilichobaki bila kuandikwa mara ya pili hakikuwa kikubwa kama ulivyodhani.

## Hatua ya 9: Siku ya baraza

Sheria ya kwanza, na haina msamaha: kila mtu anatetea gemu ya mwenzake. Mwenye VI aitetee X, mwenye X aitetee IX. Mwenye gemu anakaa kimya mpaka mwisho, kisha anasema kama ametendewa haki.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, kijana mmoja aliyekuwa akiikejeli IX kila siku alisimama akaeleza kwa nini Vivi anamfaa mtoto yeyote aliyewahi kujiuliza yeye ni nani. Mwenye IX akashindwa hata kumsahihisha.

Sheria ya pili: msijumlishe alama. Nane ya muziki na sita ya vita hazifanyi kumi na nne ya kitu chochote. Zichukueni mbili mbili, muulizane, *tukimpa mtu mmoja tu kati ya hizi, tumpe ipi, na mtu huyo ni nani?* Mtoto wa dada anayesoma Kiingereza polepole hapewi gemu yenye mstari unaokimbia. Anapewa X, hakuna anayemharakisha. Mwenye simu na vivuko virefu vya mashua anapewa V, apige mapambano mawili na kuzima.

Sheria ya tatu: anayefichua mwisho wa hadithi kwa asiyemaliza analipa kahawa ya wote. Kuna kijana hapa aliambiwa kuhusu Aerith, mhusika wa VII, akiwa bado kwenye diski ya kwanza. Hakukanyaga baraza siku tisa, na sikumlaumu.

## Mnapokwama

*Mmoja hajamaliza gemu yake.* Wote mlinganishe mpaka alipofika yeye. Hakuna "ngoja tu, mbele inakuwa tamu". Mtetezi wa XIII hili linamuumiza, kwa kuwa dunia yake inafunguka sura ya kumi na moja, lakini saa zote za kabla ya hapo nazo ni sehemu ya gemu.

*Diski imekwaruzwa.* Niliuziwa moja na mtu dukani, ikaganda kabla ya mwisho, na aliyeniuzia akaniambia niifute kwa dawa ya meno. Usifute kwa dawa ya meno. Badilisha gemu, chagua nyingine ya kundi lile lile la Hatua ya 3.

*Mzee anapita anauliza mnafanya nini.* "Shikamoo ami, karibu kahawa." Mpeni pedi, mwanzoni mwa IX, mahali pa kuruka kamba. Wetu mmoja alirukia mara kumi na nne akakataa kuirudisha. "Ndoo kesho," akatwambia kwa Kiamu, yaani njoo, "yeo sijamaliza."

*Matokeo yanazunguka.* Kwetu mara ya mwisho VI iliishinda X, X ikaishinda IX, na IX ikaishinda VI. Tulirudia, ikawa vile vile, tukaiandika hivyo kwa wino. Bin ami ameliomba daftari aende nalo Mkomani. Nimemwambia alirudishe kabla ya Alhamisi, tunaanza XII na kurasa zimebaki kumi na mbili.